Nilivyofungasha programu ya kujifunzia zeze ili ifunguke kwenye kila Linux

Nina kiprogramu nilichoandika mwenyewe: kinapunguza mwendo wa wimbo bila kuharibu sauti, ili anayejifunza zeze au ilimba asikie kila mlio. Kazi ngumu inafanywa na Rubber Band, maktaba huria. Mimi nimeweka vitufe tu. Kwangu hapa Area C, Dodoma, hakikuwa na neno. Shida ilianza vijana wanne wa kikundi chetu cha ngoma kule Chamwino walipokitaka, wawili wana Ubuntu, mmoja Debian, mmoja Fedora: zote ni Linux, ila kila moja na mpangilio wake.

Kutengeneza deb (kifurushi cha Ubuntu na Debian), kisha rpm (cha Fedora), kisha kuzihudumia zote, muda huo sina. Nikaanza na Flatpak, kifurushi kimoja kinachokubali kwenye Linux za aina nyingi. Ni safi, sikatai, ila mara ya kwanza inashusha rantaimu (mkusanyiko wa maktaba ambazo programu huzitegemea) ya mamia ya megabaiti kwa ajili ya programu ndogo kama hii. Kwa mtu wa bando la siku, huo ni uonevu. Halafu programu inakaa ndani ya ua wake: plagini za LV2, yaani vionjo vya sauti, ulizokwisha kuweka kwenye mashine haizioni, mpaka zije kama nyongeza za Flatpak zenyewe. Snap, ya aina hiyo hiyo, niliipita, wa Debian na Fedora wangelazimika kwanza kushusha snapd, programu inayoiendesha, bando lile lile.

Ikabaki AppImage. Faili moja, unalitia kwenye flashi, unaliruhusu kuendeshwa, unabofya. Nikalijenga kwenye Ubuntu 22.04 yangu, flashi nikampa kondakta wa daladala ya Chamwino. Jioni simu ikaita. Ni yule wa Debian 11.

"Kaka, shikamoo. Faili lako limegoma."

"Marahaba. Limeandika nini?"

"Linasema GLIBC_2.34 halijaiona."

Nilijua hapo hapo nimekosea wapi. Glibc ni maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu ya Linux huiegemea. Kilichojengwa kwenye glibc ya zamani huendeshwa na mpya, lakini ya zamani haikubali kilichojengwa kwenye mpya. Yake ni 2.31, yangu 2.35. Nikajenga upya ndani ya kontena la Debian 11, yaani Debian iliyotengwa ndani ya mashine yangu.

Kosa la pili liliniumiza kichwa siku mbili. Kwa wa Fedora programu ilifunguka, mshale unatembea, sauti hakuna. Kumbe nilikuwa nimefungasha libjack, maktaba inayounganisha programu na seva ya sauti, humo humo, nikidhani nasaidia. Maktaba hiyo lazima ilingane na seva ya sauti ya mashine husika, na yeye anatumia seva iitwayo PipeWire, ambayo ina libjack yake. Nikaitoa ya kwangu, zeze likalia.

Mmoja wa Ubuntu hakuwa na libfuse2, maktaba ambayo AppImage huihitaji ili ifunguke. Huyo nilimwambia aandike --appimage-extract-and-run baada ya jina la faili, yakaisha.

Flashi ya tatu ilikwenda Ijumaa. Jumamosi asubuhi ujumbe ukaingia: "Imefunguka kote, kaka. Sasa mbona haina kitufe cha kurudia kipande?"