IgM yenye nyota pembeni

Karatasi ya maabara bado iko mezani, na mwanangu ameshaichora kwa kalamu ya rangi. Ina mistari miwili ya CMV, yaani virusi vya saitomegalo, ikitaja aina mbili za kingamwili: IgG, inayobaki mwilini baada ya maambukizi, chanya; IgM chanya hafifu, na kinyota pembeni.

Kliniki ya kawaida ya wajawazito hapa Dar hakuna anayekupima hiki. Wanakupima VVU, kaswende, malaria na wingi wa damu. Mimi niliandikiwa kifurushi cha TORCH, yaani vipimo vya maambukizi yanayoweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa kuwa mimba iliyotangulia iliharibika. Dada wa dirishani akanikabidhi majibu Ijumaa jioni: "Mpelekee daktari wako." Basi. Wikendi nzima nikabaki na simu yangu, nikisoma kwamba virusi hivi, vilivyo ukoo mmoja na vya tetekuwanga, mtu mzima huvipata asijue, lakini vikimfikia mtoto tumboni vinaweza kumwathiri ubongo au kumtia uziwi. Kumpa mjamzito karatasi kama ile bila neno la maelezo ni ukatili, hata kama hawakukusudia.

Jumatatu daktari aliitazama, akacheka kidogo. "Mama, hiyo IgG hata mimi ninayo." Huku kwetu wengi tunaambukizwa tukiwa watoto, kwa hiyo IgG peke yake si habari. Tatizo lilikuwa IgM. Hiyo hutokea maambukizi yakiwa mapya, ila inaweza kukaa mwilini miezi mingi, au kuchokozwa na virusi vya zamani vinavyoamka. Wapo wenye IgM ambao hawajaambukizwa karibuni hata kidogo.

Ndipo akaagiza kipimo cha aviditi, yaani nguvu ya mshiko wa zile IgG, kwa damu ileile. Kingamwili za mwanzo hukishika kirusi kwa ulegevu, mfano wa mwanafunzi wa fundi aliyepewa patasi leo. Miezi ikipita, mshiko unakaza. Mimba yangu ilikuwa wiki ya 10. Mshiko ukiwa imara wakati huo, maana yake maambukizi yalitangulia mimba. Ningekuja na miezi sita, mshiko uleule imara usingetuambia kitu, maana ungetosha muda wa kuambukizwa mwanzoni mwa mimba na kingamwili zikakomaa. Kumbe yote hii ni hesabu ya tarehe! Na tarehe zina uzito: mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, karibu mmoja kati ya watatu humpitishia mtoto, kwa mwenye maambukizi ya zamani ni kama asilimia 1.

Aviditi imerudi: ya juu.

Shoga yangu anasema kila mjamzito apimwe. Mimi siafiki. Mahali ambapo karibu kila mtu ana IgG, tutagawa hofu kuliko msaada. Bora mama aambiwe tu anawe mikono baada ya kubadilisha nepi, na asimalizie uji wa mtoto kwa kijiko kilekile, kwani virusi hivi hukaa kwenye mate na mkojo wa watoto wadogo, na hata mwenye kinga anaweza kupata aina nyingine. Uji wa mwanangu sasa anamalizia baba yake.

Nimemwomba daktari aandike kwenye kadi yangu kwamba mtoto akizaliwa apimwe mkojo au mate kabla ya siku 21, maana zikipita hutajua kama alivipata tumboni au nje. Ameandika, na chini yake akaongeza: masikio pia.