Karanga na baruti za Berlin

Mbwa wetu kule Moshi aliitwa Simba, kama nusu ya mbwa wa mtaa ule. Mchana kafungwa, usiku anafunguliwa, na Krismasi yake ilikuwa mifupa ya mbuzi chini ya mgomba. Aliishi hadi akazeeka. Ndiyo maana sikuweza kumlaumu sana mama mdogo.

Hapa Berlin tuna Karanga, kijibwa cha rangi ya karanga za kukaanga. Binti yangu ndiye aliyemtaka, ila kodi yake ya euro 120 kwa mwaka nalipa mimi. (Nyumbani nikisema mbwa analipiwa kodi wanadhani nimeanza kunywa.) Krismasi ya mwaka juzi tulijazana watu 14 kwenye sebule yetu: pilau, mbuzi, ndizi nyama, watoto kila kona. Mama mdogo, aliyekuja kutoka Hamburg, akamwona Karanga chini ya meza anamkodolea macho.

"Huyu mnamnyima chakula?"

Akamwagia sahani yote, mifupa na pilau.

"Mama mdogo, huyu hali mifupa iliyopikwa."

Akanitazama kama nimemwambia paka hali panya.

Mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, hilo nilishalisikia. Nilichokuwa sijui ni kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na dalili zinaweza kukawia siku kadhaa. Sasa nitajie pilau isiyo na kitunguu! Usiku huo Karanga alitapika mara tatu juu ya zulia, nasi tukamkimbiza kwa daktari wa zamu. Sikukuu hapa unalipa euro 50 za dharura kwanza, halafu matibabu yenyewe angalau mara mbili ya kiwango cha chini kilichowekwa kisheria.

Alipona. Siku hizi naweka kikopo cha biskuti zake mlangoni, na kila mgeni akiingia namkabidhi mbili. Kumwambia mtu wa kwetu asimlishe aliye na njaa mbele yake ni kazi bure. Bora umpe cha kumlisha.

Krismasi lakini ni cha mtoto. Kazi ni tarehe 31. Ujerumani huuza fataki kwa raia siku tatu tu za mwisho wa mwaka, na ruhusa ya kuzilipua ni tarehe 31 na tarehe 1, ila vijana wa Neukölln, mtaa mmoja wa hapa Berlin, hawajawahi kuisoma kalenda hiyo. Wapo Wajerumani wanaohamia hoteli za karibu na uwanja wa ndege, kwa kuwa kilomita 1.5 kuuzunguka fataki haziruhusiwi bila kibali. Mfuko wangu haufiki huko.

Sisi tunamtembeza asubuhi na mapema, kwa kamba mbili, moja shingoni na nyingine kifuani, maana mbwa akishtuka hujichomoa kwenye ukanda wa shingo kama anavua kofia. Chipu yake ya utambulisho, ile ya chini ya ngozi, ina tarakimu 15, lakini tarakimu peke yake hazimrudishi mbwa nyumbani. Tumemsajili TASSO, daftari la Ujerumani la wanyama wa kufugwa, bure, na nilipohama nyumba nikabadilisha anwani siku ileile.

Jua likizama tunaingia bafuni, lisilo na dirisha: blanketi, maji, mimi sakafuni na mgongo ukutani. Mashine ya kufulia inazunguka na mataulo ili ngurumo ya nje imezwe. Karanga anatetemeka hadi kucha zinagonga vigae. Zamani nilikuwa namcheka. Sasa namwekea mkono ubavuni na kumnyamazia.

Saa nne usiku simu ikaita. Moshi ilikuwa saa sita kamili.

"Heri ya mwaka mpya, mwanangu! Mbona kelele hivyo?"

"Mashine ya kufulia, Mama."

Kimya.

"Mkeo yuko wapi, hadi ufue wewe usiku huu?"