Miezi Mitatu ya Ziada

Nilipopewa ule mkataba wa duka nilifurahi, na hilo ndilo linaloniuma kila nikikumbuka.

Ilikuwa Agosti 2013. Nilikuwa nimeshona nguo kwenye kile chumba cha Kangemi, Nairobi, kwa miaka kumi na mmoja, bila karatasi yoyote kati yangu na mwenye nyumba isipokuwa kitabu cha risiti. Hata hicho kilianza baada ya mzee kuanza kusahau nani amelipa na nani bado. Mwaka wa 2002 tulikubaliana kwa mdomo, tumesimama mlangoni, yeye ameshika funguo na mimi nimeshika cherehani. Basi watu walipotaja mikataba yao nilijisikia kama mwanamke aliyezaa watoto watatu bila mahari kulipwa.

Mzee akalemewa na miguu, akarudi kijijini, na ploti ikashikwa na kijana wake. Kijana hakuwa na kiburi. Alikuja na ajenti, akatuamkia vizuri, wakapita duka kwa duka. Tulikuwa wapangaji wanne kwenye ule mstari: mimi na vyerehani vyangu viwili, kinyozi kulia kwangu, mama wa hoteli kushoto, na mwishoni mzee wa vipuri vya baiskeli. Kila mmoja wetu aliachiwa bahasha mbili.

Ya kwanza ilikuwa barua ya aya moja. Kodi iliyokuwa shilingi 18,000 kwa mwezi itakuwa 45,000 kuanzia Septemba tarehe 1, na asiyeweza aondoke kabla ya siku hiyo. Nilikaa chini. Januari, wazazi wanapotafuta sare za shule, pesa hiyo ningeipata. Lakini mwaka una miezi mingine kumi na mmoja.

Bahasha ya pili ndiyo ilikuwa na dawa. Mkataba wa kurasa saba, na ajenti alitufafanulia kwa upole: ukitia sahihi, hutalipa 45,000, utalipa 32,000 tu, na nyongeza ya asilimia 10 kila mwaka. Tena utakaa kwa amani miaka mitano na miezi mitatu. Ile miezi mitatu aliitaja kama muuza mboga anayekutupia nyanya moja ya bure juu ya fungu.

Kinyozi alitia sahihi jioni hiyo hiyo. Mzee wa baiskeli aliomba siku mbili za kumwonyesha mwanawe, naye akatia. Mama wa hoteli alisema hana haraka. Yeye hata dawa ya mitishamba huiweka wiki nzima kabla ya kuinywa. Mimi niliuweka ule mkataba kwenye droo ya nyuzi, nikapanga kuutia sahihi Jumatatu. Nitarudia: nilikuwa na furaha. Kodi yangu ilikuwa inakaribia kuzidishwa mara mbili na mimi nilikuwa nashukuru, kwa sababu nilitishwa kwanza na kitu kikubwa zaidi.

Jumamosi alikuja kijana mmoja, mteja wangu, karani katika ofisi ya wakili mjini. Alikuwa ameleta suti ipunguzwe kiunoni. Nilipofungua droo kutafuta uzi wa kijivu akauona mkataba, akaomba ruhusa, akausoma amesimama. Alifika ukurasa wa pili akasita.

"Mama, hii miezi mitatu ni ya nini?"

"Ametuongezea."

"Hajawaongezea kitu. Amewatoa."

Nilidhani ananitania. Akavuta kile kiti cha wateja, na kwa muda wa kama saa nzima suti yake ikasahaulika.

Alinieleza kwamba Kenya ina sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli, Sura ya 301, ya tangu 1965. Sheria hiyo humlinda mpangaji wa biashara ambaye hana mkataba ulioandikwa. Nikamwambia arudie. Akarudia: asiye na mkataba. Pia humlinda mwenye mkataba wa maandishi usiozidi miaka mitano. Ukivuka mitano tu, hata kwa siku chache, kwa kawaida uko nje. Mnabaki wewe na mwenye nyumba na yale mliyoandikiana, na muda ukiisha umeisha. Ndiyo maana mikataba mingi ya maduka Nairobi ni ya miaka mitano na miezi mitatu, au sita. Mawakili wanajua. Yeye mwenyewe alikuwa amechapa mingi.

Kwa hiyo ile hali niliyoionea aibu miaka kumi na mmoja ndiyo iliyokuwa ngao yangu, na karatasi niliyoifurahia ndiyo ingeniondolea. Mpaka leo sijui nicheke au nilie juu ya sheria iliyotungwa hivyo, maana ni nani angekisia?

Na ile barua ya 45,000? Akaigeuza, akatazama nyuma kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Alisema ile ni barua tu. Mwenye nyumba akitaka kupandisha kodi ya mpangaji anayelindwa, lazima atoe notisi kwa fomu maalumu, Fomu A, aeleze sababu, na notisi isianze kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu uipokee. Barua ya aya moja na wiki tatu haina nguvu, hata iwe na muhuri mkubwa namna gani.

Ila alinionya juu ya jambo moja, na alilisema akininyooshea kidole kama mwalimu: Fomu A ya kweli ikija, nisinyamaze. Nina mwezi mmoja wa kumjibu mwenye nyumba kwa maandishi kama nakubali au sikubali. Na kabla tarehe ya notisi haijafika, nipeleke shauri kwenye Tribunali ya Kodi za Majengo ya Biashara. Nikifanya hivyo, notisi inalala mpaka tribunali iamue. Nikikaa kimya, kimya changu ni sawa na kutia sahihi.

Nikamwuliza na nyumba ninayolala je, maana huko nako walikuwa wamepandisha. Akatikisa kichwa. Hiyo ni sheria nyingine, Sura ya 296, na inahusu nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi. Mimi nilikuwa nalipa 7,000. Nairobi ya wakati huo 2,500 ilikuwa kodi ya chumba kimoja cha mabati, na hata hicho uwe na bahati. Nikashukuru kwamba duka langu lina ulinzi kuliko kitanda changu.

Jumatatu sikutia sahihi. Nilimwandikia mwenye nyumba barua, karani akanisahihisha, nikabaki na nakala. Mama wa hoteli naye akaandika yake. Kinyozi alituambia tunatafuta vita na mtu mpole.

Upole ulidumu mpaka katikati ya Septemba. Ndipo ikaja Fomu A yenyewe, safari hii kutoka kwa wakili: 45,000, kuanzia Desemba tarehe 1, sababu ikiwa kwamba kodi ya sasa iko chini ya ile ya soko. Nilijibu ndani ya siku kumi. Oktoba nikapanda lifti ya View Park Towers, jengo la tribunali, mara ya kwanza, nimevaa koti nililomshonea mteja ambaye hakurudi kulichukua, nikawasilisha shauri langu. Nilitarajia mahali pa kutisha. Nikakuta wenye maduka kama mimi, wa dawa, wa mitumba, wa nyama, kila mmoja na mfuko wa plastiki wenye risiti.

Mwaka uliofuata ulikuwa mrefu na sehemu kubwa yake haina cha kusimulia. Kuahirishwa. Siku ya kusikizwa nafunga duka, nalipa nauli ya matatu, nakaa benchi, naambiwa wakili wa upande wa pili yuko mahakama nyingine. Mwezi wa Desemba nilituma 18,000 kwa M-Pesa kama kawaida, ikarudishwa. Karani akaniambia nitume tena na nihifadhi kila ujumbe, kwa sababu mpangaji asiyelipa hata ile kodi ya zamani anajichimbia mwenyewe, na mwenye nyumba anaweza kukataa pesa leo ili kesho adai hujalipa. Nikatuma tena. Mara ya tatu akaipokea. Machi stima ikakatwa, kwangu na hotelini tu, kwa kinyozi upande wa pili wa ukuta taa zinawaka. Nilishona kwa cherehani cha mguu siku tisa, tukapeleka malalamiko, tribunali ikaamuru irudishwe, ikarudi.

Siku ninayoikumbuka vizuri ni ya wathamini. Tribunali ilitaka kila upande ulete ripoti ya mthamini, na mimi na mama wa hoteli tukachanga kumlipa mmoja. Alikuja na futi yake ya chuma, akapima chumba changu kama ninavyompima mtu suruali: futi kumi kwa kumi na nne. Nilikuwa nimekaa mle miaka yote hiyo sijui ukubwa wake. Kisha akatoka kwenda kuuliza kodi za maduka yaliyo kwenye njia yetu ya ndani.

Mthamini wa mwenye nyumba alikuwa amefanya kazi ileile, ila mifano yake ilikuwa maduka ya mbele kabisa, yanayotazamana na barabara kuu ya Waiyaki Way. Hapo ndipo kesi yetu ilipokuwa, si kwenye machozi niliyokuwa nimeyaandaa. Nilikuwa nimepanga kueleza kwamba mimi ni mjane na nina watoto shuleni. Hakuna aliyeuliza. Waliuliza duka liko mita ngapi kutoka barabarani, lina maji au halina, na wa jirani analipa kiasi gani kwa kila futi ya mraba.

Wakili wa mwenye nyumba akasema duka langu linajulikana, kila Januari limejaa wazazi, kwa hiyo thamani yake ni kubwa. Niliiva kwa hasira. Kumbe karani alikuwa ameniandalia jibu kwenye kikaratasi: sheria inasema kodi ipimwe kwa ile ambayo jengo lingepata kwenye soko huria, bila kuhesabu kwamba mpangaji amekaa humo, wala jina zuri ambalo biashara yake imelipatia jengo. Nilikisoma kikaratasi kwa sauti iliyotetemeka. Mwenyekiti akaandika kitu.

Uamuzi ukatolewa mwishoni mwa Novemba 2014. Shilingi 27,000 kwa mwezi. Mama wa hoteli alinifinya mkono. Nilikuwa nimeshaanza kusimama niliposikia sehemu ya pili: kuanzia tarehe iliyotajwa kwenye notisi. Yaani Desemba ya mwaka uliotangulia. Miezi kumi na miwili, 9,000 kila mwezi. Nilishuka na lifti nikiwa nimeshinda kesi na ninadaiwa 108,000.

Hilo karani alikuwa hajanieleza, au alinieleza na sikulisikia kwa sababu sikutaka. Ningekuwa na akili ningeweka kando kitu kidogo kila mwezi tangu mwanzo, maana hata mimi nilijua moyoni kwamba 18,000 haikuwa kodi ya 2013. Mzee alikuwa hajaipandisha miaka sita. Kijana alikuwa na haki ya kuongeza. Ugomvi ulikuwa juu ya kiasi na namna. Nililipa deni kwa awamu sita za 18,000, na kila nilipotuma niliona kodi ya zamani ikinicheka.

Mimi na mwenye nyumba hatukuwa maadui baada ya hapo. Alianza kuleta risiti mwenyewe. Mara moja aliniletea habari za babake, kwamba bado aliuliza kama fundi yupo.

Mkataba wa kinyozi ulianza Oktoba 2013. Asilimia 10 kila mwaka si kitu ukiisikia; mwaka wa tano alikuwa analipa 46,851, amepita ile 45,000 tuliyotishwa nayo. Desemba 2018 muda wake ukaisha. Aliambiwa chumba kimeshapata mtu mwingine aliyetoa gudwili, ile pesa ya kupewa duka, na kwenye zile kurasa saba hakukuwa na mstari wa kumzuia mtu yeyote. Hakupata hata Fomu A. Hapakuwa na haja nayo. Mzee wa baiskeli alikuwa ameshaondoka zamani, hakusubiri kufukuzwa.

Kinyozi alikuja kwangu jioni ya mwisho, mkononi ana bisibisi. Akaniuliza kama ile karatasi ya tribunali bado ninayo. Nikaitoa kwenye droo ya nyuzi. Akaisoma yote amesimama palepale aliposimama karani, akanirudishia, akaenda kumalizia kufungua vioo vyake ukutani.