Nondo za walimu wa semina nilizorekodi kwenye stoo ya mitumba, Memorial

Mtu akikuambia kwamba nyenzo za kufundishia mtandaoni lazima ziwe video, muulize kwanza kama yeye hujinunulia bando au ananunuliwa. Mimi nilishauriwa hivyo na watu wenye vyeo, tena kwa kujiamini kabisa, na kama ningeendelea kuwasikiliza, hadi leo ningekuwa bado nahariri video ya wiki ya kwanza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chuoni kwetu hapa Moshi, wanachuo wa mwaka wa kwanza husikiliza mhadhara ukumbini, mamia kwa pamoja, kisha wanagawanywa kwenye makundi ya semina ya watu thelathini hivi. Semina zinaendeshwa na wakufunzi wasaidizi, wengi wao vijana waliovaa joho juzi tu, na kila mmoja anaendesha anavyojua. Kundi hili linafundishwa kunukuu vyanzo kwa APA, mtindo mmojawapo wa kutaja vyanzo vya kitaaluma, kundi la chumba cha pili linajadili boom, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, litaingia lini. Mtihani ni mmoja. Nikaambiwa nitengeneze nyenzo za mtandaoni ambazo kila mwalimu wa semina atazifungua, wote waende sambamba.

Basi tukarekodi video za kipindi kizima, zenye muziki wa kufungulia na nembo ya chuo inayozunguka. Nembo ilizunguka vizuri, sikatai. Ila faili moja ilizidi gigabaiti moja. Mkufunzi msaidizi ambaye posho yake haijatoka ndiye eti akanunue bando la kuipakua, aje kuniona mimi nikisoma slaidi! Nami kwa ujanja wangu nilipachika agizo karibu na mwisho wa video: ukifika hapa, nitumie WhatsApp neno "ndafu". Sikupokea ndafu hata moja. Kwenye kikao cha idara, lakini, kila mtu alisema video ni nzuri sana na zimewasaidia.

Ushauri uliofuata ulikuwa nichukue vya Wamarekani, kwa kuwa mambo haya wameyaanza siku nyingi. Hilo ni kweli. Chuo Kikuu cha South Carolina kilianzisha University 101, kozi yake ya kumzoesha mwanafunzi mpya maisha ya chuo, mwaka 1972, baada ya maandamano ya wanafunzi ya 1970, na kozi hiyo imeigwa na vyuo vingi. Niliisoma kwa heshima zote, na jambo moja nililibeba: wenzetu humfunda mwalimu kwanza, mwanafunzi baadaye. Mengine sikuyaweza. Miongozo ya huko inamsaidia kijana kuishi na mwenzake bwenini na kuamua asomee nini. Wa kwetu amepanga geto Majengo au Rau, ugomvi wake na mwenzake ni zamu ya nani kununua umeme wa LUKU, na alichokuja kusomea alikichagua siku ile anaomba chuo.

Halafu kuna jambo la leseni ambalo wengi hulipita kama hawalioni. Mwongozo mmoja ulinivutia sana, nikataka kuutafsiri na kuusambaza. Chini yake kuna leseni ya Creative Commons (CC), zile leseni za mwenye kazi kuruhusu wengine waitumie kwa masharti, yenye herufi ND. Herufi hizo zinakuruhusu kuusambaza kama ulivyo, lakini ukiugeuza huruhusiwi kuutoa kwa watu, na tafsiri inahesabiwa kuwa mageuzi. Ukitaka kukatakata na kuungaunga, tafuta CC BY, ambayo inadai umtaje mwenye kazi basi, au CC BY-SA, ambayo inakutaka na wewe utoe ya kwako kwa leseni hiyohiyo. Mwenzangu mmoja aliniambia, "Madam, nani atakuja Moshi kukukamata?" Sasa nitamfundishaje mtoto wa watu kutaja vyanzo kwa kutumia mali ya wizi?

Nikaacha vya watu, nikaenda kuwauliza wakufunzi wenyewe wanaogopa nini. Hakuna aliyesema haijui mada. Wanaogopa kimya. "Ukiuliza swali, Madam, wote wanaangalia meza. Dakika zinakwenda, mwisho unaanza kuhutubia mwenyewe." Nikajua hapo ndipo pa kuanzia.

Kila semina nikaiandikia ukurasa mmoja, haugeuki nyuma. Juu, swali la kufungulia ambalo halina jibu la kukariri. Katikati, kazi ya jozi: kila mtu afikirie peke yake, amwambie jirani, kisha jozi iseme mbele ya darasa. Mbinu hii ni ya Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland, ya mwaka 1981, na kwetu nikaiongezea kionjo: kwa jirani ongea Kiswahili, kwa darasa ongea Kiingereza. Kumbe nusu ya kile kimya kilikuwa ni woga wa Kiingereza! Ukimpa dakika mbili za kulipanga wazo kwa lugha anayoiotea ndoto, mkono unanyooka. Chini kabisa nikaweka kazi ya mwanafunzi iliyokwisha kusahihishwa.

Hiyo kazi niliitunga mwenyewe, na hapa naomba nijisifu. Niliandika aya yenye dhambi zote za mwaka wa kwanza. Inaanza na maana ya neno kutoka kwenye kamusi, inasema "kwa mujibu wa Google", inanakili sentensi mbili bila alama za kunukuu, na inamaliza kwa "hivyo basi serikali itoe elimu kwa wananchi". Nikawagawia wakufunzi wasahihishe kila mtu kivyake. Mmoja alitoa 8 kwa 10, mwingine 3. Tulibishana mchana kutwa, chai ikapoa, na tulipokubaliana alama na sababu zake, nikaziandika pembeni ya aya kwa rangi nyekundu. Ukurasa huo ndio unaofunguliwa kuliko mingine yote.

Wakaomba na sauti, wasikie mtu anavyoongoza semina. Sauti ni nyepesi, nikakubali. Nyumbani kwangu nina vigae chini na bati juu, kwa hiyo kila neno linarudi mara mbili kama niko kisimani, na bodaboda hazina adabu. Fundi wa studio akanitajia sponji za ukutani kwa laki kadhaa. Nikamshukuru.

Jawabu nililipata Memorial, soko la mitumba hapa Moshi, nilikokwenda kutafuta koti la baridi ya Julai. Nimeingia kwenye stoo ya Mangi ninayenunua kwake, marobota ya mitumba yamepangwa hadi karibu na dari, nikaita, "Mangi, upo?" Sauti ikafa palepale. Haikurudi hata chembe. Nikaita tena, Mangi akadhani nimechanganyikiwa. Kumbe vigae na ukuta mtupu huirudisha sauti, nguo huimeza, na pale kulikuwa na nguo za kumeza mkutano mzima. Nikamwomba mchana, wakati wateja wamepungua, aniruhusu nikae katikati ya marobota na simu yangu, mlango ukiwa umefungwa. "Haya Madam, ila usinihubirie wateja." Nilitoka jasho, nilipiga chafya za vumbi, na simu niliiweka juu ya rundo la masweta, karibu na mdomo lakini pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipasuke. Usafi wa sauti nikaumalizia kwa Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti.

Sauti ya semina ya wiki ya nne ina kasoro moja. Nasema kwa upole, "Mwanafunzi akikosea, usimkatize," na nyuma yangu mama mmoja anasikika waziwazi: "Mangi, hili sweta bei gani?" Kabla sijaifuta nilikuwa nimeshaituma. Jioni ile simu haikutulia, wakufunzi wananiandikia "sweta bei gani?", tena hata wale wasiojibu salamu. Ndafu hawakuiona, sweta wamelisikia. Nimeliacha humohumo.

Sauti zote ni mono, yaani za mkondo mmoja, kilobiti 32 kwa sekunde, hivyo dakika kumi hazifiki megabaiti 3. Kurasa ni PDF ya maandishi yaliyochapwa. Ukipiga picha karatasi na kuziita PDF unawatwika watu mzigo wa bure. Rasmi vyote viko kwenye Moodle, mfumo wa chuo wa masomo ya mtandaoni, na papo hapo vimo kwenye kundi letu la WhatsApp, maana Moodle ndiyo ya kuonyesha wakaguzi. Faili zangu huanza na namba ya wiki. Nilishaletewa moja inayoitwa "final mpya ya mwisho kabisa", sikuifungua.

Ninachohangaika nacho sasa ni ukurasa wa ChatGPT, wakufunzi wameulilia. Wanachuo wanaleta insha zilizonyooka zenye vitabu visivyokuwepo duniani. Jaribio la kwanza linaendelea vizuri: mwanafunzi anachagua chanzo kimoja kati ya alivyotaja, anakifungua mbele ya jozi yake, anaonyesha ukurasa alikotoa hoja. Asipokiona, anaandika upya aya hiyo palepale darasani, kwa kalamu. Mkufunzi mmoja anataka nimtengenezee video ya kuonyesha hatua hizo. Nimemwambia aje Memorial, ila sweta anunue mwenyewe.