Mnyoo kwenye makohozi

Makohozi yale yaliletwa maabara kupimwa TB. Mwenyewe alikuwa amepandikizwa figo India miezi michache nyuma, figo aliyotolewa na dada yake, na sasa amelazwa kwetu Mwanza: tumbo limejaa, anatapika, kifua kinambana, homa haisikii dawa za nimonia.

Kabla ya kuyapaka rangi nilichukua tone, nikachanganya na maji ya chumvi juu ya kioo, nikaweka kwenye darubini. Kitu kikapita. Nikasogeza kioo kukifuata: lava, yaani mnyoo mchanga, mwembamba, hai, anajipinda na kujinyoosha, anazisukuma chembe za damu pembeni. Mara wa pili. Nikamwita mkuu wa zamu aje aone, maana strongiloidi, mnyoo wa utumbo, kufika mapafuni nilikuwa nimeisoma tu.

Huku kandokando ya ziwa mtu akiumwa tumbo tunawaza kichocho. Mnyoo huyu ni mwingine. Huingia kwa ngozi ya mguu peku, akakaa utumbo mdogo, na huzaliana humohumo mwilini miaka na miaka, mtu asijue. Kinga ya mwili ndiyo inayomzuia. Sasa aliyepandikizwa figo hupewa prednisoloni na dawa nyingine za kushusha kinga ili mwili usiikatae. Mlinzi akilala, mnyoo huongezeka na kusambaa, akitoboa utumbo na kubeba bakteria hadi kwenye damu. Eosinofili, seli nyeupe ambazo hupanda mtu akiwa na minyoo, kwake zilikuwa za kawaida, kwa kuwa prednisoloni huzishusha. Hilo linaniuma hadi leo, maana wengi wetu tukiziona hivyo tunaacha kutafuta.

Daktari aliipunguza prednisoloni bila kuikata, figo isije ikakataliwa. Akaanza ivermektini, dawa ya minyoo, kila siku, mikrogramu 200 kwa kilo; kwa kilo zake 60 ni vidonge 4 vya miligramu 3, vinasagwa na kupitishwa kwenye mpira wa puani, pamoja na antibayotiki za sindano. Ivermektini ni dawa ileile inayogawiwa vijijini kuzuia matende na mabusha.

Dada yake alinifuata dirishani. Wote wawili wamekulia kwenye majaruba ya mpunga, Magu.

"Daktari, huyo mdudu katoka kwenye figo yangu?"

Nikamwambia inawezekana, mnyoo huyu huweza kuhama na kiungo, lakini na kaka yako, dada, kakanyaga tope hilohilo. Dada huyo tulimpima kinyesi siku kadhaa, hatukuona kitu. Hiyo haimtoi mtu wasiwasi, kwa sababu lava hutoka wachache, leo wapo kesho hawapo. Naye akapewa dawa, akaimeza palepale.

Makohozi yalisafika kwanza, kinyesi baadaye, na dawa ikaendelea wiki mbili zaidi. Figo haikutetereka. Siku ya kuruhusiwa, daktari aliiandikia hospitali iliyompandikiza kuhusu mnyoo huyo, akaomba wagonjwa na ndugu wanaotoka huku wapimwe na kutibiwa kabla ya upasuaji.