Tasnifu ya jinsia inapogeuzwa makala ya jarida

Tasnifu nyingi za masuala ya jinsia katika vyuo vyetu huishia kwenye rafu ya maktaba au kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo, zikisubiri msomaji. Hilo linaniuma. Ndani yake wamo wanawake waliosimamisha biashara au shamba wakakaa na mtafiti saa nzima, wakasema mambo ambayo pengine hata ndugu zao hawayajui. Ukishakusanya maneno ya namna hiyo una deni, na kuyafikisha kwenye jarida linalosomwa ni sehemu ya kulilipa. Ninamwandikia aliyemaliza uzamili au uzamivu na hajui aanzie wapi.

Anza na hoja. Tasnifu ya uzamili inaweza kuwa na maneno 30,000. Jarida litakuomba 6,000 hadi 8,000, mara nyingi marejeleo yakiwa ndani ya hesabu hiyo. Wengi hushika kila sura na kuifupisha, na kinachopatikana ni tasnifu iliyokondeshwa: utangulizi mrefu, maana ya istilahi, ramani ya eneo la utafiti, kisha matokeo yanaguswa harakaharaka mwishoni. Mhariri huirudisha kabla hata haijafika kwa wapitiaji, yaani wataalamu wa fani wanaoipima makala kwa niaba ya jarida. Fungua sura ya matokeo, tafuta jambo moja lililokushangaza, uandike upya kuanzia hapo. Yaliyobaki yatazaa makala nyingine.

Tuchukue mfano wa kubuni. Umetafiti wajumbe wanawake wa Mabaraza ya Ardhi ya Vijiji nchini Tanzania. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka baraza liwe na wajumbe 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Ukiandika, “Utafiti huu ulichunguza ushiriki wa wanawake katika mabaraza ya ardhi,” umetaja mada tu. Hakuna anayeweza kukupinga, na kwa hiyo hakuna sababu ya kukusoma. Sasa sema hivi: “Wajumbe wanawake huzungumza kidogo kikaoni, lakini mashauri mengi huwa yameshaelekezwa nao kabla ya kikao, pale wahusika wanapowafuata nyumbani, kwa hiyo kuhesabu waliozungumza kikaoni kunapotosha picha ya nguvu waliyonayo.” Hii ni hoja. Anayetafiti viti maalumu bungeni Kampala, au mabaraza ya machifu Ghana, ataisoma kwa sababu inagusa namna anavyopima ushiriki katika kazi yake mwenyewe.

Hapo ndipo linapoanguka lile dai la “pengo”. Kusema hakuna utafiti uliofanyika katika wilaya fulani hakutoshi, maana hata wilaya ya jirani haujafanyika. Mweleze msomaji mjadala umefika wapi, nani anasema nini, na matokeo yako yanambana nani abadilishe msimamo. Kurasa mbili zilizoandikwa vizuri zinatosha kwa kazi hiyo.

Nadharia nayo ipunguze bila huruma. Utaona makala inataja nadharia ya makutano, inayoangalia jinsi ubaguzi wa aina mbalimbali, kama wa jinsia na rangi, unavyokutana kwa mtu mmoja, jina lililotolewa na mwanasheria wa Marekani Kimberlé Crenshaw mwaka 1989, halafu kwenye matokeo wanawake wote wanakuwa kundi moja: mjane na aliyeolewa, mwenye shamba na kibarua, mzaliwa wa kijiji na aliyeletwa na ndoa. Mpitiaji wa fani hii hulikamata jambo hilo mara moja. Kama nadharia haifanyi kazi ndani ya matokeo, iondoe. Vivyo hivyo kwa jedwali linaloonesha wanaume 40 na wanawake 60: huo ni mgawanyo kwa jinsi, yaani ke na me tu. Uchambuzi wa jinsia unaanza unapoeleza ni mahusiano gani ya madaraka, kazi na mali yanayoleta tofauti unayoiona.

Sasa nije kwenye usalama wa watafitiwa, ambapo nitakaa zaidi, kwa sababu hapa makosa yanamwumiza mtu ambaye hayupo kwenye barua pepe zako na mhariri.

Jina bandia peke yake halimfichi mtu. Rudi kwenye baraza letu lenye wanawake 3. Unamnukuu “Mwanahamisi (si jina lake), mjumbe, mjane, miaka 52”, na kijiji umekitaja. Kati ya wale watatu, mjane ni mmoja. Kijiji kizima kinamjua kabla ya kumaliza sentensi. Msomaji wa kuogopwa hapa ni shemeji anayegombea lile shamba, au mwenyekiti wa kijiji aliyetumiwa makala kwenye simu. Profesa wa ng’ambo hana hatari yoyote kwake.

Kwa hiyo: taja mkoa, kijiji kiache. Umri uweke kwa makundi, kwa mfano miaka 45 hadi 60. Angalia kama nukuu tano zenye jina bandia moja zikiunganishwa zinatoa wasifu kamili wa mtu; kama ndivyo, baadhi ziandike bila jina lolote. Kisa cha pekee sana, ambacho kila mtu kijijini anakikumbuka, kiache hata kama ndicho kitamu kuliko vyote. Ukibadilisha maelezo yoyote ili kumkinga mtu, sema wazi kwenye sehemu ya mbinu kwamba umebadilisha, na usiguse jambo linalobeba hoja.

Halafu kuna milango ya nyuma ambayo karibu kila mtu huisahau. Kwenye shukrani unamtaja mtendaji wa kijiji kwa jina: kijiji kimejulikana. Ramani ina nukta nyekundu: kimejulikana. Na ule mlango mkubwa zaidi: tasnifu yako, unayoitaja kwenye marejeleo, tayari iko mtandaoni ikiwa na jina la kijiji na barua za vibali kwenye viambatisho, zenye mihuri ya wilaya na kata. Makala inaficha, tasnifu inafichua, na kuziunganisha ni kazi ya dakika moja. Kabla ya kutuma makala, zungumza na maktaba ya chuo. Omba viambatisho viondolewe kwenye nakala ya wazi, au tasnifu ifungwe kwa muda. Si kila chuo kitakubali, lakini ombi la maandishi kutoka kwa mwandishi na msimamizi wake huwa na uzito.

Kama umetafiti ukatili wa majumbani, wapitiaji watapima kazi yako kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2001, ule uliotumika pia kwenye utafiti wake wa nchi mbalimbali, ambao kwa Tanzania ulifanyika Dar es Salaam na Mbeya. Watataka kujua mambo haya: ulihoji mwanamke mmoja tu kwa kila kaya? Utafiti ulitambulishwaje kwa majirani, maana haufai kutangazwa kama utafiti wa ukatili? Mume akiingia ghafla, msaili alihamia maswali gani? Aliyehitaji msaada alielekezwa wapi? Majibu hayo yanahitaji aya nzima. Sentensi ya “maadili yote ya utafiti yalizingatiwa” haimwambii mpitiaji lolote, na wengi huichukulia kama dalili kwamba hayakuzingatiwa.

Namba ya kibali cha utafiti kutoka taasisi ya taifa ya sayansi na tarehe yake iwepo: COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya, UNCST kwa Uganda, pamoja na kibali cha kamati ya maadili iliyopitia kazi yako. Kibali cha maadili hakiombwi baada ya data kukusanywa, na jarida makini halitapokea maelezo ya namna hiyo. Iangalie pia fomu ya ridhaa. Kama iliahidi kwamba maelezo ni “kwa ajili ya masomo tu”, umejifunga. Rudi kwenye kamati uombe ushauri kabla hujachapisha. Anayeanza utafiti leo aandike kwenye fomu kwamba matokeo yatachapishwa na yatasomwa kwenye intaneti na watu wowote, na amweleze mshiriki hivyo kwa mdomo.

Majarida mengi siku hizi hudai pia maelezo kuhusu upatikanaji wa data. Usikubali kupakia manukuu kamili ya usaili mahali pa wazi kwa sababu tu fomu ya mtandaoni ina kisanduku hicho. Andika kwamba data haiwezi kutolewa hadharani kwa kuwa washiriki wanaweza kutambulika na hawakuridhia. Wahariri wa fani hii hulielewa hilo.

Kuhusu jarida lenyewe, lichague kabla ya kuandika rasimu ya pili. Majarida mengi ya jinsia huendeshwa kwa matoleo ya mada maalumu: Feminist Africa, lililoanzia Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 2002 na sasa liko Chuo Kikuu cha Ghana; Agenda la Afrika Kusini, la tangu 1987; Gender & Development, lililoanzishwa na Oxfam. Hutoa wito wa makala wenye mada na tarehe ya mwisho, na wengi wao huomba ikisiri kwanza. Makala nzuri nje ya mada ya toleo inaweza kurudi bila kosa lolote la mwandishi. Fuatilia wito, kisha soma matoleo mawili matatu ya nyuma uone sauti yao. Kazi iliyoegemea zaidi siasa, uchumi au jamii inaweza kwenda Africa Development la CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika, au jarida la OSSREA, shirika la utafiti wa sayansi za jamii la Addis Ababa. Ukichambua jinsia katika fasihi au lugha ya Kiswahili, yapo Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha pale TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Swahili Forum la Ujerumani linalopokea makala za Kiswahili. Ningependa kuona kazi nyingi zaidi huko. Makala ileile inaweza pia kutoka kwa lugha ya pili, mradi wahariri wa pande zote mbili wakubali na msomaji aelezwe ya kwanza ilitoka wapi.

Majarida ya kitapeli yanawawinda sana wahitimu wapya. Barua pepe ya sifa nyingi, ahadi ya kuchapisha ndani ya wiki moja, jarida linalopokea kuanzia uhandisi hadi uuguzi, ada inayotajwa baada ya “kukubaliwa”. Tafuta jarida kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida ya kusomwa bure, ikiwa ni la aina hiyo, ulizia kama ni mwanachama wa COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, na waandikie mmoja au wawili wa bodi ya wahariri uone kama wanajua kwamba majina yao yamo. Kinachopotea zaidi ya pesa ni data yenyewe: kazi ikishatoka huko, jarida halali halitaichukua tena.

Ada halali pia zipo na ni kubwa, mara nyingi zaidi ya dola 1,000. Ila majarida yanayouzwa kwa vyuo kwa kawaida hayamtozi mwandishi anayechagua njia ya kawaida, ambapo makala husomwa na waliolipia jarida, na mengi huruhusu kuweka nakala iliyokubaliwa kwenye hifadhi ya chuo baada ya muda fulani. Wachapishaji wengi pia husamehe ada kwa waandishi wa nchi zilizo kundi la kwanza la Research4Life, mpango unaozipa nchi za kipato cha chini machapisho ya kitaaluma bure au kwa bei nafuu, Tanzania ikiwemo. Msamaha huo uombe wakati wa kutuma makala. Ukisubiri hadi ankara ifike, wengi watakukatalia.

Siku ya kutuma, ili wapitiaji wasijue mwandishi ni nani, futa jina lako kwenye maelezo ya ndani ya faili la Word pamoja na kwenye maoni ya pembeni, ondoa shukrani, na mahali ulipoandika “katika tasnifu yangu” andika kwa nafsi ya tatu. Kwenye barua kwa mhariri sema kwamba makala inatokana na tasnifu iliyoko kwenye hifadhi ya chuo. Turnitin, programu ya kupima mfanano wa maandishi, itaonesha mfanano mkubwa, na ni afadhali mhariri ajue sababu mapema. Mpangilio wa majina ya waandishi uwe umekubaliwa kwa maandishi, na msaidizi aliyefanya usaili, akauandika na kuutafsiri aingizwe kwenye mazungumzo hayo. Nukuu za Kiswahili zibaki na tafsiri kando yake pale nafasi inaporuhusu, na utaje aliyetafsiri.

Majibu ya wapitiaji huchukua miezi mitatu hadi sita, wakati mwingine mwaka. “Marekebisho makubwa” ni habari njema. Wengi hukata tamaa hapo bure kabisa. Tengeneza jedwali la safu tatu: maoni kama yalivyo, jibu lako, ukurasa na mstari ulipobadilisha. Huwajibiki kutii kila neno. Mpitiaji akidai, “Wanaume wako wapi?”, pima: ikiwa hoja yako inahusu namna wanawake wanavyoelekeza mashauri nje ya kikao, kauli za wajumbe wanaume zinaweza kuiimarisha, na kama unazo ziingize. Kama huna, weka mpaka wa hoja wazi na ueleze kwa heshima kwa nini inasimama bila hizo. Wapitiaji wakipingana, mwandikie mhariri umwulize afuate lipi. Muda ukiwa mfupi omba uongezwe kabla haujaisha.

Ikikubaliwa, utaletewa nakala ya kusahihisha, mara nyingi ya kurudishwa ndani ya saa 48 hadi 72. Isome nukuu kwa nukuu. Mhariri wa lugha anaweza kuwa amerudisha jina la kijiji lililokuwa kwenye rasimu ya zamani, au ameongeza maelezo ya eneo ili msomaji wa nje aelewe. Angalia pia vichwa vya majedwali, maelezo ya chini ya ukurasa na jina la faili la picha. Hiyo ndiyo nafasi ya mwisho ya kuliondoa jina. Makala ikishatoka, jarida huweka tu tangazo la masahihisho, na nakala za mwanzo zilizokwisha kupakuliwa hazirudi.