Nilivyovuka Magogo ya Kuning'inia

Ofisini walipotangaza kwamba safari hii mazoezi ya kujenga timu yatakuwa ya kupita kwenye kamba juu ya nguzo, nilianza kujitafutia ugonjwa. Mimi hata ngazi ya kubadilishia balbu hunitoa jasho. Ugonjwa haukupatikana, nikaenda.

Mkufunzi alitufunga mikanda kiunoni na mapajani, akaipima kwa mkono: kiganja kipite, ngumi isipite. Kila mmoja alipewa kamba fupi mbili zenye kulabu, za kujifunga kwenye waya wa usalama uliopita juu ya njia. Sheria aliirudia hadi ikatuchosha: ukihama waya, fungua kulabu moja, ifunge mbele, ndipo uiguse ya pili. Zisiwe wazi zote mbili hata kwa sekunde.

Jukwaa la kwanza lilikuwa mita nane hivi kutoka chini. Mbele yake magogo, kila moja likiyumba kivyake. Nikakanyaga la kwanza, la pili, nikaganda kwenye la tatu. Mguu wa kulia ukaanza kwenda kama sindano ya cherehani. Wenzangu chini wakapaza sauti, "Unaweza! Usiangalie chini! Twende!" Zile kelele zilinizidishia hofu tu.

Aliyenikwamua ni dada mmoja wa idara nyingine, ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa tukiishia kwenye salamu. Alikuwa jukwaani nyuma yangu.

"Kaa, kaka," akasema kwa sauti ya kawaida.

"Nikae wapi?"

"Kwenye mkanda. Kunja magoti, ukae."

Nilidhani ananitania. Nikakunja magoti taratibu, kamba zikakaza, nikabaki nimekaa hewani kama mtoto kwenye bembea. Kumbe ule waya ulikuwa umenibeba muda wote, mimi ndiye niliyekuwa nakataa kubebwa.

Nilipoinuka akaniambia nishushe kisigino, kwani nilikuwa nimesimama kwa vidole na ndiyo maana mguu ulitetemeka. Pia nilegeze mikono. Nilikuwa nimeishika kamba kama nakamua nguo. Baada ya hapo hakusema kingine zaidi ya "kulia", "ngoja", "kushoto", hadi ng'ambo.

Kwenye sehemu ya mwisho, ya kukanyaga waya mmoja tu, akaganda yeye. Nikamwambia, "Kaa, dada." Akanitupia jicho, akacheka, akakaa.

Tuliposhuka nilimtafuta yule aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote. Hata kofia ngumu hakuwa amevaa.